Ulimi wa Nasimiyu

Machozi yangu ya kwanza katika matanga ya Nasimiyu yalikuwa ya wivu. Nayaandika hivyo kwa sababu ndivyo yalivyokuwa. Mwili ulikuwa umefika Bokoli adhuhuri kutoka mochari, wanawake wamelia wakanyamaza, wakalia tena, na mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nikimenya viazi, macho makavu. Ndipo gari dogo jeupe likaingia uwanjani na akashuka mwanamke mnene aliyevaa suti nyeusi, ameshika shada la maua ya plastiki. Hakuwa hata amefunga mlango wa gari nilipomtambua. Wambui. Watu walimpisha. Alipelekwa moja kwa moja hadi kwenye jeneza, akapewa kiti karibu na kichwa, mahali ambapo hakuna mtu aliyekuwa ameniambia mimi nikakae, na nikamwona akiinama juu ya kile kioo kidogo, mabega yakitikisika. Hapo ndipo nilipolia. Mama mmoja tuliyekuwa tukimenya naye alinishika mkono akasema, "Lia tu, mama. Mtu wa karibu ni mtu wa karibu." Sikumwambia kwamba nilikuwa nikililia kiti.

Nasimiyu alikuwa binamu yangu. Mama yake ni dada ya baba yangu, na kwetu mtu kama huyo huitwa senge, na ndivyo nitakavyomwita hapa. Mwaka ninaotaka kuueleza ni wa 2002, nilipoletwa Kitale nikae kwa Senge ili nijifunze kushona, kwa kuwa masomo yangu yalikuwa yameishia darasa la nane. Mimi na Nasimiyu tulikuwa na miaka kumi na sita, tukilala kitanda kimoja katika chumba cha nyuma, yeye upande wa ukuta. Chumba cha mbele kilikuwa cha watu wa kanisa. Kilikuwa na makochi yaliyofunikwa vitambaa vyeupe, thermosi yenye picha ya maua, na harufu ya nta ya sakafu. Hakuna aliyekaa humo ila pasta na akina mama wa maombi. Maisha yenyewe yalikuwa jikoni, katika kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, kwa sababu Senge alikuwa akipika busaa.

Hata sasa nikipita mahali penye mkate unaookwa narudi katika kibanda kile. Unga wa mahindi ulilowekwa ukaachwa uchachuke, kisha tukaukaanga juu ya bati kubwa hadi ukawa wa kahawia, tukauanika juani, halafu ukatiwa ndani ya pipa pamoja na maji na kimea cha wimbi. Senge hakuona kwamba anapika pombe. Alikuwa mtu wa kanisa kweli, si wa kujifanya, na kama kungekuwa na chupa moja ya bia nyumbani kwake angeitupa chooni. "Pombe ni ile ya chupa," alikuwa akisema, "na ile chang'aa ya kuua watu. Busaa ni chakula." Mama Saulo, jirani aliyetuuzia wimbi, alikuwa na maneno yake kuhusu jambo hilo. "Si ni unga? Si ni maji? Si ni wimbi? Basi huo ni uji, bana. Ni uji tu ambao umeenda shule." Wanawake wote walicheka, nami nilicheka, na kwa kweli niliamini. Nililelewa nikiamini hivyo kama nilivyoamini kwamba maziwa ya mgando si maziwa mabichi.

Kando ya ukuta wa kibanda kulikuwa na benchi. Wanaume waliokuja kunywa walikaa nje uwanjani. Benchi lilikuwa la wanawake, Senge, Mama Saulo na wengine wawili watatu waliosaidia, na palisemwa mambo ambayo hayakusemwa penginepo. Nani mume wake amerudi na kiatu kimoja. Nani amejifungua mtoto ambaye hafanani na mtu. Sisi wasichana tulichochea moto na kuosha vikombe, na tukikaribia sana walibadilisha maneno. Nilitaka kukaa kwenye benchi lile kuliko nilivyotaka kujua kushona. Sijui namna ya kumweleza mtu ambaye hajawahi kuwa na miaka kumi na sita katika nyumba ya mtu mwingine. Nilitaka tu mtu asogee kidogo aseme, "Kaa hapa."

Kabla pipa halijachujwa lilikuwa lazima lionjwe, na si kila mtu aliweza kuonja. Busaa ikichujwa mapema ni maji ya unga, ikichelewa ni siki. Mwonjaji alipewa kata, akanywa funda zima, na hakutema. Hiyo ilikuwa sheria kali. Kutema ni kuwatukana waliopika. Marehemu kukhu, bibi yetu, ndiye aliyekuwa mwonjaji wa ukoo, na baada ya yeye kufa Senge alikuwa akibahatisha tu. Asubuhi moja mwanzoni mwa mwaka, kwa mzaha zaidi kuliko kwa kitu kingine, Mama Saulo alinipa kata mimi kwanza. "Hebu mgeni atuambie."

Nilimeza. Nilitafuta neno la kusema. "Ni tamu," nikasema.

"Ni tamu! Hata Fanta ni tamu, mtoto wangu!" Mama Saulo alipiga mapaja. "Leta hiyo kata. Nasimiyu, na wewe tuambie kama ni tamu."

Nasimiyu alikunywa, akafunga macho, akakaa kimya hadi nikadhani anatania. Kisha akasema, "Maji yamezidi kidogo. Na hiki kimea kiliachwa kikaota sana. Mchuje leo, msingoje. Kesho asubuhi itakuwa siki."

Senge alichukua kata, akaonja, akamtazama binti yake kama mtu aliyemwona kwa mara ya kwanza. "Huu ni ulimi wa mama yangu," alisema polepole. Mama Saulo akapiga kigelegele, wakamvuta Nasimiyu mkono, wakasogea. "Kaa hapa, kukhu," wakamwambia. Tangu siku ile walimwita kukhu, msichana wa miaka kumi na sita, na kila pipa lilipoiva aliitwa akanywa na kupewa nafasi yake kwenye benchi, akasikia habari za viatu na watoto, na mimi nikachochea moto. Chakula cha mchana kilipopakuliwa yeye alikula na wakubwa. Nakumbuka kunde zile zilizopikwa kwa maziwa, na jinsi nilivyozila nikiwa nimekaa juu ya gunia la makaa, nikitazama mgongo wake.

Usiku kitandani pumzi yake ilikuwa na harufu ya ule mkate. Nilimwomba anifundishe, na hakuninyima. Hakuwa mchoyo hata kidogo, na hilo lilizidi kuniuma. "Wewe unatafuta utamu," alininong'oneza. "Usitafute utamu. Ukimeza ngoja. Sikiliza huku nyuma ya meno, kama kunakaza." Nilijaribu kwa maziwa, kwa uji, kwa maji ya mfereji na ya mvua. Nilipobaki peke yangu kibandani nilikunywa mabaki ya vikombe vya wageni, nimefunga macho, nikisikiliza nyuma ya meno. Sikuipenda busaa. Tumbo lilikuwa likiniunguza hadi nikalala nimejikunja. Nilichopenda ni kile walichompa Nasimiyu kwa kuinywa. Siku hizi nikisikia watu wakisema kwamba wasichana hunywa kwa sababu ya tamaa au kwa sababu ya kukosa adabu, nafikiria habari ile. Tulikuwa na adabu nyingi. Tuliinama tulipowapa wakubwa kikombe. Nasimiyu alilewa akiwa anatii.

Aprili akaja Wambui. Mama yake ndiye aliyetufundisha kushona, katika duka lake lenye veranda karibu na soko. Walikuwa watu wenye asili ya Mkoa wa Kati waliokuwa na shamba huko Kachibora, na mama huyo alikuwa ameokoka hadi akashuku soda ya tangawizi. Kila asubuhi alipompita Nasimiyu kwenye cherehani alivuta hewa kwa pua. "Wewe msichana, mbona kila siku unanuka mkate? Kwenu mna bekari?" Nasimiyu aliinamisha kichwa juu ya kitambaa, na sisi wawili tulibanwa na kicheko mpaka sindano zikapinda. Kicheko kile kilikuwa chetu wawili. Wambui aliporudi likizo kutoka shule ya bweni, akajitupa kwenye kiti cha wateja na kutukunjia miguu yake mirefu, hakikuwa chetu tena.

"Niaje, masista? Nani kati yenu ndio ako na bekari?"

Nasimiyu akamweleza. Akamweleza kila kitu, pipa, kata, hata jina la kukhu, mambo ambayo nilidhani ni ya nyumbani. Wambui alisikiliza mdomo wazi. Katika nyumba yao kileo kilikuwa dhambi isiyotajwa, na hapa alikuwa mbele ya msichana wa rika lake ambaye alipewa na mama yake mzazi, akashangiliwa. "Ati unakunywa na mamako? Na hakuchapi? Wewe ni mtu mzima, bana. Mimi naficha kama mwizi." Nasimiyu akatabasamu tabasamu ambalo sikulijua. Sisi nyumbani tulikuwa tumemheshimu. Hakuna aliyekuwa amemstaajabia.

Jumapili iliyofuata, mama yake akiwa kwenye ushirika wa akina mama, Wambui alituita chumbani kwake. Nilikuwa sijawahi kuona chumba cha msichana mmoja. Pazia la rangi ya waridi, meza ya kusomea, kioo kirefu kama mlango. Alifunga pazia mchana kweupe, akatoa pakiti ya pedi, na ndani yake vipakiti vidogo vya plastiki vya ile pombe kali iliyokuwa ikiuzwa madukani wakati ule pamoja na peremende. Walikuwa wakiviingiza bwenini hivyo hivyo, alisema, kwa sababu hakuna mwalimu ambaye angefungua pakiti ya pedi. Kiranja wao ndiye aliyemfundisha. "Kwanza nilikataa. Lakini ukikataa unalala peke yako, hata hawakuambii maji yameisha. Sasa ukae hivyo mpaka fomu foo?"

Akaing'ata pakiti kona, akampa Nasimiyu. "Kukhu, onja."

Nasimiyu alifanya kama alivyofanya kibandani. Akavuta funda, akafunga macho, akangoja. Nilimwona akitafuta nyuma ya meno. Akafungua macho, amechanganyikiwa kama mtu aliyebisha mlango wa nyumba isiyo na watu. "Hii," akasema, "haijapikwa na mtu."

Wambui alicheka hadi akaanguka kitandani. Alicheka machozi, akamkumbatia Nasimiyu shingoni, akamwambia hajawahi kuona mtu kama yeye, shuleni watakufa akiwasimulia. "Rudia tena! Sema tena!" Na Nasimiyu akanywa tena ili aseme tena. Nilipopewa mimi nilimeza, macho yakanitoka, nikakimbilia dirishani kutapika nyuma ya pazia lile la waridi. "Huyu tumpe Fanta," Wambui alisema, si kwa ubaya. "Nelima, wewe kaa mlangoni utuchungie. Una masikio mazuri."

Basi nikawa wa mlangoni. Jumapili baada ya Jumapili nilikaa kwenye kigoda nje ya chumba kile, nikiwasikia wakicheka. Wambui aliporudi shuleni Mei alimwachia Nasimiyu akiba, na alipokuja Agosti walikumbatiana kwenye veranda kama watu waliopotezana vitani. Kati ya miezi hiyo Nasimiyu alikuwa wangu tena, lakini si sawa. Kitandani nilipomwomba anifundishe alisema, "Wacha, nimechoka," akageukia ukuta. Pumzi yake ilikuwa na harufu nyingine, kali, kama ya rangi ya kucha. Senge hakuisikia. Ama aliisikia akadhani ni ya dukani, pamba mpya na mafuta ya cherehani.

Agosti mwaka ule ilikuwa ya tohara, kama inavyokuwa kwetu kila baada ya miaka miwili, na kijana mmoja wa ukoo alikuwa akitahiriwa nyumbani kwa baba yetu mkubwa, Bokoli. Sote tulienda, na Wambui alipewa ruhusa aje ajionee, kwa sharti kwamba atalala na Senge. Boma lilijaa. Kila mke wa ukoo alikuwa amepika chungu chake, na busaa ya siku ile si busaa ya kuuza, ni ya kuwapokea wazee na wageni waliotoka mbali. Ikiharibika ni aibu inayosimuliwa hata watoto wa yule kijana watakapotahiriwa. Ndiyo maana Nasimiyu aliitwa asubuhi kuonja vyungu vyote, nyumba moja hadi nyingine, akiongozwa na wanawake kama bibi harusi. Nami nilimfuata nimebeba kata. Kila chungu funda moja, na hatemi. Alipofika kwenye chungu cha mwisho alikuwa akicheka kabla ya kunywa. Alionja haraka, akasema, "Hiki ni cha wazee. Hiki ndicho kizuri kuliko vyote," na wanawake wakakibeba.

Alasiri wazee walikaa kukizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu. Mkubwa wao alivuta, akauachia mrija, akapangusa midomo kwa mkono. Hakupaza sauti. "Hii mmepikia wageni," aliuliza, "au mmepika ya kuoshea kidonda cha kesho?"

Wengine walitema chini. Nilimwona Senge akibadilika uso. "Nani ameonja?" sauti ziliuliza, na jina la Nasimiyu likapita midomo hadi midomo, naye hakuwepo. Alipatikana nyuma ya ghala na Wambui, wamekaa chini, migongo ukutani, vipakiti vitupu kwenye majani. Alikuja akijinyoosha leso. Senge akampa kata mbele ya watu. "Onja tena, mama."

Nasimiyu akanywa. Akafunga macho. Alingoja muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akingoja, na nilijua, kwa kuwa nilikuwa nimemtazama kuliko mtu yeyote, kwamba hasikii kitu. Akafungua macho akasema, "Ni tamu."

Hakuna aliyecheka. Senge aliichukua kata mkononi mwake, akatazama huku na huku, akaniona mimi niliyekuwa karibu, akanipa. Nikameza. Mtoto angejua. "Imekufa," nikasema. "Ilikufa jana." Na wanawake wakasema eeeh, wakanivuta, wakasogea. Mtu alisema, "Kaa hapa." Nilikaa. Sitadanganya, nilifurahi. Moyo wangu ulikuwa ukipiga kwa furaha wakati binamu yangu amesimama peke yake katikati ya uwanja.

Jambo ambalo limenisumbua maisha yangu yote ni lile lililofuata. Hakuna mtu hata mmoja aliyesema mtoto amelewa. Wote walikuwa wamemwona na kumnusa. Walichokiona ni ulimi ulioharibika. Wanawake wakakaa kikao ndani ya nyumba, mlango umefungwa, na mke mkubwa wa boma akasema ulimi haufi hivi hivi. "Kuna mtu ameuonea kijicho. Ulimi wa namna ile, katika umri ule, lazima kuna mtu amekuwa akiutazama." Wengine wakaitikia. Wakamleta Nasimiyu, wakausugua ulimi wake kwa majivu na majani machungu hadi akalia, wakamwombea pia, maana walikuwa watu wa kanisa. Nami nilishika beseni. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na nilijua ni nani katika boma lile aliyekuwa akiutazama ulimi ule tangu Januari. Nasimiyu aliinua macho kutoka kwenye beseni akanitazama. Sikujua alikuwa anatazama nini.

Tuliporudi Kitale nilikuwa mwonjaji. Haikudumu. Tumbo langu lilikataa kabisa, na kabla ya Krismasi daktari alisema ni vidonda, nikakatazwa hata pilipili. Watu hunisifu kwamba mimi sinywi, na hunitolea mfano. Sikuwa na busara yoyote. Nilikuwa na tumbo bovu tu, na kama lingekuwa zima ningekunywa kila kilichokuwa katika Kitale nzima ili nisiondolewe kwenye benchi. Wambui naye alirudi shule. Nasikia kiranja mwingine alikuja, aliyeokoka, bweni zima likaokoka naye. Wote wawili tulikuwa na mahali pa kurudi. Nasimiyu alikuwa ameondolewa kwenye benchi na kuachwa na pipa.

Mwishoni mwa mwaka aliondoka akaenda Bungoma mjini kufanya kazi katika baa. Nilimtembelea mara moja, mchana, nimembebea mrenda uliopikwa na mama yake. Alikaa chumba cha nyuma ya baa, pamoja na wasichana wawili wakubwa kidogo kuliko yeye, magodoro chini, nguo zikining'inia kwenye misumari, redio ikilia. Tulikula mrenda kwa chapati za dukani. Wale wasichana walimpenda. Walimwita Simba, kwa kuwa wateja walishindana kumnunulia waone kama ataanguka, na haanguki. "Huyu ni mwanaume!" mmoja aliniambia, akimpiga mgongoni kwa fahari. "Sisi tukilewa yeye ndio anatubeba." Nilimwona Nasimiyu akisimama wima kidogo aliposikia hivyo, kama alivyokuwa akisimama kibandani. Na mimi, Mungu anisamehe, nilimwonea wivu tena. Niliwaonea wivu wale wasichana kwa kumpigapiga mgongo.

Walipotoka nikamwuliza. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi swali hilo njia nzima. "Nasimiyu, unaamini ni mimi nilikuonea kijicho?"

Alikuwa akilamba vidole. Akafikiri. "Hapa," akasema, "hakuna anayeniuliza kama ni siki ama ni tamu. Najua tu kuinywa." Kabla sijasema neno mtu aliita jina lake kutoka mbele, akainuka, akajitazama kwenye kipande cha kioo, akaenda. Tulionana tena mara nyingi, arusini na matangani, miaka ikipita na uso wake ukivimba, lakini hatukuwahi kuwa wawili peke yetu, na kila mara nilidhani yeye ndiye anayehakikisha hivyo. Nilijijibu mwenyewe. Anaamini. Ndiyo sababu hanipigii simu.

Basi pale Bokoli, baada ya nyimbo, mwendesha shughuli aliita rafiki wa marehemu aseme neno, na akasimama Wambui. Siku hizi anaishi Eldoret, na kanisani kwao ni mzee wa kanisa. Alizungumza vizuri. Aliwaonya wasichana dhidi ya marafiki wabaya wa mjini, na wasichana waliokuwa wamesimama na sinia za vikombe waliinamisha macho. Senge, ambaye sasa haoni vizuri, alitikisa kichwa akikubali. Nilingoja Wambui ataje pakiti za pedi, au ataje ghala lile pale nyuma yake, hatua chache tu kutoka aliposimama. Hakutaja. Nilitaka kuinuka. Nilibaki nimekaa kwa kuwa sikujua ningeanzia wapi, kama si kwenye benchi.

Tulipokwisha kuzika, Wambui alikuja nyuma ya nyumba, akavua viatu, akavuta kigoda akakaa karibu nami. Alichukua kisu. Tukamenya pamoja.

"Ulikuwa unakuja kumwona?" nikamwuliza.

"Kuja, hapana. Alikuwa ananipigia." Hakuniangalia. "Jioni jioni, karibu kila wiki. Nilikuwa naongea na yeye nikipika."

Karibu kila wiki. Miaka yote ile. Wivu ulinirudia wa moto kama siku ya kwanza, na nilikuwa mtu mzima niliyetoka kumwaga mchanga kaburini. "Mimi hakuwahi kunipigia," nikasema. "Hata mara moja."

Wambui akaweka kiazi chini. "Hakukupigia? Lakini namba yako alikuwa nayo. Nilimpa mimi mwenyewe. Nilimpa zaidi ya mara moja, alikuwa anapoteza simu. Kila akipata mpya ananiambia, nipe tena ya Nelima."

"Mbona basi hakupiga?"

Alipangusa mikono kwenye sketi yake nyeusi ya gharama, akaacha alama za udongo. Sasa ndipo alipoanza kulia, na haikuwa kama alivyolia pale kwenye jeneza. "Nilikuwa namuuliza hivyo," alisema. "Nasimiyu, si umpigie tu? Ananiambia, huyo nitampigia siku nitakuwa sijakunywa."

Jikoni wanawake waliita viazi. Wambui aliinuka akavipeleka yeye, miguu mitupu, na mimi nikabaki nimekaa. Simu yangu ilikuwa mfukoni. Namba ni ile ile tangu nilipoipata. Sijawahi kuibadilisha.